Nyumba ya Mwisho Mtaa wa Locust

Meno ya plagi yalikuwa meusi yote, kuanzia nchani hadi kwenye shina.

Corinne Mabry aliigeuza polepole kwenye mwanga wa asubuhi, akachuchumaa mahali palipokuwa ukuta wa sebule, akamulika soketi kwa tochi. Matundu ya soketi nayo yalijaa masizi mpaka ndani. Alikuwa mpelelezi wa moto wa kaunti kwa muda mrefu wa kutosha kujua maana yake. Plagi ikiwa imechomekwa wakati nyumba inaungua, masizi hayafiki pale ilipojificha, na meno yake hubaki yanang'aa. Hii haikuwa imechomekwa popote. Hita ya umeme yenye plagi hiyo ilikuwa imekaa sakafuni ikiwa baridi kama jiwe wakati moto unaanza.

Na hita hiyo ndiyo bosi wake, Wendell Strake, Mkuu wa Zimamoto wa kaunti, aliyoitangaza redioni jana yake kwamba ilimuua Bibi Alberta Sizemore.

Bibi Alberta alikuwa mpishi wa shule hadi alipostaafu. Karibu kila mtu mzima wa Garnet Ferry aliwahi kumnyooshea sahani, Corinne mwenyewe akiwemo. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kusimama Mtaa wa Locust. Zilizobaki zote zilinunuliwa na Tennick, kampuni ya kemikali yenye kiwanda kando ya mto Ohio, zikavunjwa ili reli mpya ya kiwanda ipite. Bila kiwanja cha Bibi Alberta reli isingepita. Walimfuata kwa maneno matamu, kisha kwa mawakili, na kila mara aliwapa kahawa, akawasikiliza, akawasindikiza mpaka mlangoni.

Corinne aliingiza plagi kwenye mfuko wa ushahidi. Alikuwa anaandika maelezo juu yake wakati pikapu nyekundu ya idara iliposimama. Strake alishuka bila kuvaa kofia ya kazi, ishara kwamba hakuja kukagua chochote.

"Bado uko hapa?"

"Bado, Mkuu."

"Nilidhani tumeshamaliza na nyumba hii."

"Hita haikuchomekwa." Akamwonyesha mfuko. Strake aliutazama bila kutoa mikono mfukoni.

"Paa lilianguka, Corinne. Paa likianguka vitu vinachomoka."

"Ingechomoka paa likianguka, ndani ya soketi pangekuwa pasafi. Njoo uangalie."

"Naamini macho yako." Hakusogea. "Ipeleke maabara basi, waseme wao."

"Maabara ipi?"

Strake akageuka kutazama mto. Maabara ya kaunti ilijengwa na Tennick, na jina la kampuni lilibandikwa mlangoni kwa herufi kubwa kuliko jina la kaunti. Gari jipya la zimamoto lilitoka kwao. Ubao wa magoli wa shule ya sekondari, vitanda vya zahanati, hata jiko la kanisa la Kibaptisti, vyote vilitoka kwao.

"Usinianzie hayo," alisema. "Unajua kaunti hii ilikuwaje kabla yao? Tulikuwa tunazima moto kwa lori lililonunuliwa kabla baba yangu hajaoa. Bajeti inapitishwa mwezi huu. Nataka ripoti mezani kesho, na nataka iseme hita."

"Na isiposema?"

"Corinne, una mume pale kiwandani." Aliyasema kwa sauti ya upole, karibu ya huruma. "Fikiria nyumbani kwako."

Pikapu ilipoondoka, alirudi nyuma ya nyumba. Mbao za kibaraza cha jikoni zilikuwa zimeungua kwa umbo la kimiminika kilichomwagika, mashimo marefu yanayofuatana, si kama mbao zinavyoungua zenyewe. Alikata vipande, akavitia ndani ya makopo ya bati, akafunga vifuniko kwa nyundo. Makopo hayo hakuyaweka kwenye gari la idara. Aliyapakia kwenye buti la gari lake mwenyewe, akafunika kwa blanketi.

Jambo la pili lilikuwa kwenye kibanda cha zana, mwisho wa ua, ambako moto haukufika. Kikosi cha zimamoto kilimkuta humo mbwa wa Bibi Alberta, Duke, amefungiwa, akiwa mzima. Usiku wa moto hakuna aliyejali. Sasa Corinne aliufungua mlango na kutazama chini. Bakuli la maji lilikuwa limewekwa kando ya magunia, na magunia yenyewe yalikuwa yamekunjwa kama kitanda. Mbwa huyo alikuwa akilala miguuni pa mwenye nyumba miaka yote. Kuna mtu aliyemtoa, akamtandikia, akamwekea maji, kisha akaenda kumwaga petroli kwenye kibaraza.

Mtu wa aina gani anamwonea huruma mbwa na kumchoma bibi kizee?

* * *

Royce Sizemore, mpwa wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye meza ya dirishani pale mgahawa wa Dottie, mbele ya kipande cha pai ambacho hakukigusa. Mji mzima ulishaanza kumteta. Alikuwa mrithi pekee, alikuwa mcheza kamari, na wiki mbili zilizopita majirani wa kanisani walimsikia akigombana na shangazi yake kwa sababu bibi huyo hakutaka kuuza nyumba.

"Umekuja kunifunga pingu, dada?" Royce alimwambia Corinne alipoketi. "Ngoja kwanza nimalize kahawa, maana ya jela sijui ikoje."

"Unaijua vizuri sana, Royce."

Alicheka kidogo, kicheko kikakatika. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Ulikuwa wapi jioni ya moto?"

"Kasino, ng'ambo ya mto. Nenda uwaulize, wana kamera mpaka chooni. Nilipigiwa simu nikiwa mezani pao."

Corinne alikuwa ameshawauliza. Kamera zilimwonyesha Royce tangu jua halijazama hadi aliponyanyuka na simu sikioni, akaangusha kiti. Lakini alitaka kumsikia akisema mwenyewe.

"Uligombana naye."

"Niligombana naye, ndiyo. Nilimwambia auze ahamie mahali penye watu. Kila nyumba ilishabomolewa, shangazi anakaa peke yake katikati ya kifusi kama mlinzi wa makaburi. Nilikuwa naogopa." Akasukuma sahani. "Sikatai kwamba hela ningezipenda. Nani asingezipenda?"

"Mbwa alikutwa kibandani. Wewe ulimtoa lini mara ya mwisho?"

Royce alivuta mkono wa shati juu. Kovu la meno lilizunguka mkono kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. "Mimi nimtoe Duke? Huyo anampenda shangazi na Vernon Tackett tu. Wengine wote sisi ni nyama."

"Vernon Tackett ni nani kwake?"

"Jirani yake, kabla hajauza nyumba yake. Duke alizaliwa kwa Vernon. Alimpa shangazi alipokuwa kitoto hata macho hakijafumbua sawasawa." Akamtazama Corinne. "Unaniuliza nini hasa?"

"Jioni ile ilikuwa ya mazoezi ya kwaya, sivyo?"

"Alikuwa hakosi. Ila mwalimu wa kwaya aliugua, wakaahirisha. Na gari lake lilikuwa kwa fundi, gia zilimsumbua. Basi akalala mapema." Aligeukia dirisha. "Angekuwa na gari, angalau angekuja kwangu."

Corinne aliacha hela ya kahawa na kuinuka. Jambo lilikuwa linajipanga lenyewe, na halikumpendeza. Jioni ya kwaya. Ua usio na gari. Nyumba yenye taa zilizozimwa. Aliyekuja alijua ratiba ya Bibi Alberta, akaamini nyumba ni tupu, akamtoa mbwa asidhurike. Hakuja kuua. Alikuja kuchoma mbao na mabati, tena pengine kwa amri ya mtu.

Simu yake ilitetemeka alipofika kwenye gari. Ujumbe ulikuwa wa mumewe, Neil, dereva wa malori ya Tennick.

*Wamenitoa kwenye zamu ya mchana. Wananipeleka ghala la Ashland, usiku, kuanzia leo. Hawajasema kwa nini. Umefanya nini?*

Alisoma mara mbili. Tangu azungumze na Strake, jua lilikuwa halijafika hata utosini. Akafungua buti, akainua blanketi. Makopo yalikuwepo. Akalifunga buti, akalijaribu tena kama limefungika.

* * *

Vernon Tackett alikuja ofisini mwenyewe alipoitwa, akiwa bado na sare ya kiwandani yenye nembo ya Tennick kifuani. Alikuwa dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, mtu mkubwa mwenye mabega yaliyoanza kuinama. Corinne alimketisha kwenye chumba kidogo cha mahojiano, akawasha kinasa sauti mbele yake, akamsomea haki zake: anaweza kunyamaza, anaweza kuomba wakili, anaweza kuondoka.

"Nimeelewa," Vernon alisema. "Sihitaji wakili. Wakili wa nini?"

"Tuzungumzie Duke."

Aliinua macho haraka. "Yuko wapi?"

"Kwenye makazi ya wanyama. Anakula vizuri."

"Ana tatizo la sikio la kushoto. Wawekee dawa wasimwache."

"Nitawaambia. Nani alimfungia kibandani, Vernon?"

Vernon aliinamia meza. Taa nyekundu ya kinasa sauti iliendelea kuwaka.

"Pengine Alberta mwenyewe."

"Duke alikuwa akilala miguuni pa Alberta. Na mtu aliyemtoa alimwekea maji. Royce asingeweza, angeng'atwa. Mtu wa kampuni asingeweza, angeng'atwa. Ninaye mtu mmoja tu anayeweza kumshika yule mbwa ukosi akamfuata bila kubweka."

"Mbwa hawatoi ushahidi, dada."

"Hawatoi. Ila petroli inatoa. Vipande vya kibaraza ninavyo, na havikupitia maabara ya hapa. Nikuvue viatu sasa hivi tuvinuse?"

Vernon alitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya kabisa, kamba bado nyeupe. Corinne naye aliviona. Alimwacha Vernon avitazame mpaka achoke.

"Ulidhani yuko kwaya," Corinne alisema hatimaye, taratibu. "Gari halikuwepo. Taa zilikuwa zimezimwa. Uligonga mlango?"

"Niligonga." Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Akafunika uso kwa viganja. "Niligonga mlango wa nyuma, nikaita. Nikafungua, Duke akanijia. Niliita tena, dada. Naapa niliita. Alikuwa anavua vile vifaa vyake vya kusaidia kusikia akilala. Nilisahau. Miaka yote tumekaa ukuta kwa ukuta, na nilisahau kwamba anavivua."

Nje ya mlango sauti za viatu zilipita, zikarudi, zikasimama. Corinne akavuta kiti karibu.

"Nani alikwambia uchome?"

"Sijasema kuna mtu."

"Wewe hukuwa na ugomvi naye. Ulishauza nyumba yako. Hupati chochote kiwanja chake kikiwa tupu. Nani anapata?"

"Wewe unajua nani anapata. Mji mzima unajua." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kujua kunasaidia nini? Unakunywa maji yao, unatibiwa kwao, watoto wanasoma kwa ufadhili wao. Hata hakimu walimlipia mabango ya uchaguzi. Nikikutajia jina utampeleka wapi?"

"Nitajie kwanza."

Vernon alifungua mdomo. Mlango ukafunguliwa bila kubishwa.

Mwanamume wa suti ya kijivu aliingia, mrefu, nywele zimechanwa nyuma, mkoba wa ngozi mkononi. Nyuma yake, kwenye korido, Wendell Strake alisimama akitazama sakafu.

"Gerard Whitlow, wakili," alisema yule wa suti. "Namwakilisha Bwana Tackett. Mahojiano haya yamekwisha."

"Nani amekuita?" Corinne aliuliza. "Hakupiga simu yoyote. Simu yake iko hapa mezani."

"Mwajiri wake anajali wafanyakazi wake. Ni huduma ya bure." Whitlow alimgeukia Vernon, akatabasamu kama mtu anayemwinua mgonjwa kitandani. "Simama, Vernon, twende zetu. Usiseme neno lingine. Mfikirie Tessa."

Vernon aliinua kichwa kwa jina hilo.

Corinne hakuinuka. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza saa, "Wakili, mmewahi kuonana na Bwana Tackett kabla ya leo?"

"Hapana. Ndiyo kwanza tunakutana."

"Humu ndani hakuna aliyemtaja Tessa. Si mimi, si yeye. Umeambiwa na nani?"

Tabasamu la Whitlow halikuondoka, ila lilisimama mahali pamoja. "Ni jambo la kibinadamu tu. Ana binti mgonjwa, sote tunalijua hilo."

"Sote akina nani?"

"Sijaja kuhojiwa mimi. Vernon, inuka."

Vernon hakuinuka. Alikuwa akimtazama yule mtu kwa makini ya ajabu, kama anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Bwana," alisema, "nikikukataa wewe, bima ya mwanangu itabaki?"

"Hayo tutayazungumza nje."

"Nimekuuliza hapa."

"Siwezi kukujibu mbele ya watu hawa."

"Basi umeshanijibu." Vernon alipangusa macho kwa mkono wa sare. "Lansing aliniambia hivyo hivyo. Aliniambia, tutazungumza mambo ya bima baada ya kazi."

"Vernon, nakuonya."

"Mtu huyu si wakili wangu," Vernon aliiambia ile taa nyekundu, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. "Sikumwita na simtaki. Atoke."

Haki hiyo ilikuwa yake peke yake, na Whitlow aliijua sheria. Alisimama kitambo, akamtazama Strake, Strake akatazama pembeni. Kisha akatoka, na Corinne akausukuma mlango kwa mguu.

"Lansing yupi?" aliuliza.

"Kip Lansing, wa uhusiano wa jamii pale Tennick. Yule anayegawa batamzinga wa Sikukuu ya Shukrani kila Novemba." Sasa maneno yalitoka bila kusukumwa. "Binti yangu ana ugonjwa wa mapafu. Dawa yake huwezi kuinunua hata ukiuza nyumba, mimi niliuza nikaona. Bima ya kiwanda ndiyo inayomshika. Mwaka huu wakasema wanaiondoa dawa hiyo kwenye bima. Nikaenda kwa Lansing kuomba. Akanifungia mlango, akanipa kiti, akaniambia kila kitu kinawezekana kwa mtu anayesaidia kampuni. Akasema nyumba tupu ikiungua haimuumizi mtu, na Alberta atalipwa zaidi ya alichotaka. Alisema jioni ya kwaya. Siku hiyo aliichagua yeye, si mimi."

"Alikupa kitu chochote?"

"Galoni la petroli, lile la kampuni, lenye namba ubavuni. Niliambiwa nilitupe mtoni. Sikulitupa."

"Kwa nini?"

"Nilisikia mayowe." Akaitazama mikono yake. "Baada ya hapo sikutupa chochote, nilikimbia kurudi nyumbani kwake. Nilipofika, kila upande ulikuwa unawaka, mlango haushikiki. Viganja hivi hapa." Akavigeuza. Ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu, yenye malengelenge yaliyoanza kukauka. "Galoni liko kwenye pango la mawe nyuma ya nyumba ya mama yangu. Nilienda kazini asubuhi iliyofuata, Lansing akanipita kwenye geti, akanisalimia kwa jina. Hajawahi kunisalimia kwa jina."

Corinne alizima kinasa sauti. Alitoa ndani yake kadi ndogo yenye sauti ya mahojiano, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. 

"Nikikuacha mahabusu ya hapa," alisema, "kufikia kesho utakuwa na wakili mwingine wa bure, na keshokutwa utakuwa umesahau ulichosema. Au utakuwa umepata ajali. Sikulazimishi. Lakini kama uko tayari, nakupeleka Charleston, nje ya kaunti hii, kwa wapelelezi wa serikali kuu. Tutapitia kwa mama yako tuchukue galoni. Utafungwa, Vernon. Sikudanganyi. Bibi Alberta amekufa kwa mkono wako."

"Najua nani amekufa kwa mkono wangu," alisema, akasimama.

Kwenye korido Strake aliwazuia njia. Alionekana amezeeka tangu asubuhi.

"Mahabusu iko upande ule, Corinne."

"Tunaenda Charleston."

"Kwa ruhusa ya nani? Nipe hiyo rekodi."

"Njoo uichukue, Mkuu. Nishike mkono hapa, mbele ya shahidi."

Strake alitazama mlango wa kioo mwisho wa korido. Whitlow alikuwa nje kwenye ngazi, simu sikioni, akiongea haraka. Strake alipumua, akainamisha kichwa.

"Ukivuka mlango ule sitaweza kukusaidia tena. Wala Neil."

"Hukuwahi kunisaidia," Corinne alisema, akapita.

Corinne aliendesha akitazama kioo cha nyuma zaidi kuliko cha mbele. Gari la kijivu liliwafuata hadi daraja la reli, likakata kona. Hakujua kama limeondoka au limebadilishana na jingine. Vernon alikaa pembeni yake amekumbatia magoti, mtu mkubwa kwenye kiti kidogo. Walipovuka ukingo wa mji, wakielekea kwa mama yake kuchukua galoni, aliomba simu yake.

"Simu moja tu," alisema. "Kisha ichukue."

Corinne alimpa. Ilipokelewa haraka.

"Tessa, ni baba. Sikiliza, mama. Uko na bibi? Mwambie awashe gari sasa hivi akupeleke duka la dawa. Hapana, si kesho. Leo, sasa, mwanangu, kabla hawajajua." Alisikiliza, akafumba macho. "Usiniulize kwa nini. Wape kadi ya bima, waambie unataka zote, kila kitakachokubaliwa na kadi. Wakikupa ya mwezi, omba ya miezi miwili. Chukua zote watakazokupa."

Alibaki ameshika simu sikioni, hakuna tena aliyeongea upande wa pili, na Corinne akaongeza mwendo.